Mabati na Usingizi: Historia Fupi ya Kusikilizana Kati Yetu Tuliorudi



Katika mkutano mkuu uliopita, wakati wa kugawa bajeti, mzee mmoja alisimama akauliza: "Munataka kutoa feza juu ya watu wanaosikiliza wengine. Je, maneno yanaweza kuezeka nyumba?" Wengine walicheka, wengine walipiga makofi. Hakuna aliyejibu. Komite iliahidi kuandika katika gazeti letu kazi hii ya kusikilizana ilitoka wapi, nani aliianza, na imeonyesha matunda gani, ili kila mwanachama apige kura akijua. Hii ndiyo ile ahadi.

Tuanze na sisi wenyewe. Wengi wetu tulikimbia kwa mara mbili: vita ya 1996, halafu ile ya 1998. Mwaka 1998 peke yake, Kivu ya Kusini iliona Kasika mwezi wa nane, na Makobola, hapa kwetu Fizi, siku za mwisho wa mwaka mpaka mwanzo wa 1999. Tulivuka ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, tukaishi Nyarugusu, Lugufu na kambi zingine upande wa Kigoma. Watoto wetu wakajifunza Kiswahili cha Tanzania, wakaanza kutucheka sisi wazazi tunaposema "fasi" na "ao". Tangu mwezi wa kumi 2005, meli zilianza kuturudisha Baraka. Tuliposhuka tulikuwa na turubai, vyombo vya kupikia na tumaini. Walituangalia kama tuko na homa, walihesabu watoto. Hakuna aliyetuuliza: unalala namna gani?

Na hatukulala. Hapa kwetu mtu hasemi "niko na kiwewe". Anasema "kichwa yangu iko inazunguka", "roho inaruka", "mawazo ni mingi", "usingizi ilinikimbia". Radi ikipiga, baba anajikuta chini ya kitanda mbele ya watoto wake. Mama anafika shambani, anashika jembe, saa sita inamkuta bado amesimama pale pale. Kijana anakunywa lotoko tangu asubuhi, tunasema ni mvivu. Miaka mingi tuliita mambo haya tabia, ao laana, ao kukosa imani. Kumbe kulikuwa watu, karibu na mbali, waliokuwa wanatafuta dawa yake tangu zamani.

Mbele ya vita, mababu zetu hawakuwa bila dawa. Wabembe walikuwa na lubunga, fasi wanaume walikaa jioni, wakala pamoja, wakakata maneno ya kijiji. Wamama walikuwa na matanga: mtu akifa, siku kadhaa hakuna anayelala peke yake katika nyumba ya kilio. Habari ya marehemu inasimuliwa, watu wanalia, wanaimba, wanapika. Vita iliharibu dawa hizi kwa njia mbili. Kwanza, wengi hatukuzika watu wetu, na kama hakuna kaburi, matanga inaanza wapi? Pili, yale yaliyotendeka mengine ni ya haya, hayasemeki mbele ya baba mkwe wala mbele ya watoto. Kwa hiyo kila mtu alibaki na lake, mlango umefungwa.

Huko Ulaya habari hii iliingia katika vitabu vya wanganga kwa njia ya askari. Mwaka 1915, munganga Mwingereza Charles Myers aliandika juu ya askari waliotoka mstari wa mbele bila jeraha, lakini hawaoni vizuri, wamepoteza kumbukumbu, hawalali. Walifungua hospitali kwa ajili yao. Miaka ile ile, 1915 na 1916, vita ilikuwa pia juu ya ziwa letu: Wabelgiji na Waingereza upande huu, Wajerumani upande wa Kigoma. Wapagazi wengi sana wa Congo walibeba mizigo ya vita ile mgongoni, wengi walikufa njiani. Waliorudi, nani aliwauliza juu ya usingizi wao?

Kisha mambo yalikuwa mabaya zaidi kuliko kusahauliwa. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tunaita OMS, lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, munganga wa serikali ya kikoloni Kenya, kilichosema bongo la Mwafrika halitumiki sawa na la Mzungu. Tunaandika habari hii juu inaeleza kitu kimoja: ikiwa watu wanaamini kwamba huna mawazo ya ndani, hawatakuja kuyasikiliza. Jibu zuri lilitoka kwa Mwafrika. Mwaka 1954, Thomas Adeoye Lambo alianza kazi Aro, karibu na Abeokuta, Nigeria. Badala ya kufungia wagonjwa ndani ya kuta, aliwapeleka wakae katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao, wakapata matibabu huku wakiishi kati ya watu. Lambo alionyesha kwamba kijiji chenyewe ni sehemu ya dawa. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Jina rasmi la ugonjwa wetu ni la juzi. Ni mwaka 1980 tu ambapo chama cha wanganga wa akili wa Marekani kiliandika kiwewe cha kisha hatari kubwa katika kitabu chao cha magonjwa, sana sana juu ya askari waliorudi kutoka Vietnam na wanawake waliobakwa. Kisha 1994, Rwanda ilipochomwa na mamia elfu ya wakimbizi wakaingia Goma na Bukavu, neno "troma" lilifika hata kwetu. Miaka ile wataalamu walikuja na fomu, wakauliza maswali, wakaondoka.

Si sisi tu tuliona kasoro. Mwaka 1999, munganga wa akili Mwingereza Derek Summerfield aliandika makala akikosoa miradi ya troma katika inchi za vita. Alisema si haki kugeuza mateso ya taifa lote kuwa ugonjwa wa mtu mmoja mmoja, na kwamba watu wengi wanajijenga tena kupitia kazi, familia, dini na haki. Mzee wetu wa mkutano mkuu hajasoma Summerfield, lakini swali lake la mabati ni lile lile. Na ni swali la kweli. Mtu aliyenyang'anywa shamba hahitaji kuambiwa kwamba hasira yake ni dalili.

Lakini historia haikusimama pale. Wakati wengine walikuwa wanabishana, wengine walijaribu kazi ndogo kambini na kupima matokeo. Katika kambi ya Imvepi, kaskazini ya Uganda, Wajerumani Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert walifanya kazi na wakimbizi 43 wa Sudani. Njia yao iko hivi: mtu na msikilizaji wanalaza kamba chini, kamba ni maisha tangu kuzaliwa. Wanaweka maua fasi ya furaha na mawe fasi ya mateso. Kisha wanapita kila jiwe, polepole, mmoja kwa mmoja: uliona nini, ulisikia nini, mwili ulifanya nini, na leo uko wapi. Msikilizaji anaandika yote, anasoma tena, na mwisho mtu anapewa hadithi ya maisha yake imeandikwa. Maana yake ni kwamba habari iliyokuwa inaruka usiku kama moto inapata tarehe na fasi, inakuwa kitu kilichopita. Matokeo yalitoka 2004: mwaka mmoja baadaye, kati ya waliopita njia ile, asilimia 29 walibaki na ugonjwa. Kati ya wale waliopewa mashauri ya kawaida tu, walikuwa karibu asilimia 80.

Kisha walijaribu kambi ya Nakivale, kusini ya Uganda, na wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Mara hii wasikilizaji hawakuwa wanganga wa Ulaya. Walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofundishwa. Matokeo ya 2008 yalikuwa mazuri: miezi tisa baadaye karibu watu saba kwa kumi hawakuwa tena na ugonjwa, huku kati ya waliofuatiliwa tu bila matibabu walikuwa karibu wanne kwa kumi. Wasikilizaji wale, kikundi kimoja kilitumia njia ya kamba, kingine kilitumia mashauri ya kubadilika zaidi, na matunda yao yalikaribiana. Kwa sisi hilo ni somo kubwa: jirani aliyefundishwa vizuri na kusindikizwa anaweza kazi hii.

Na hapa kwetu Kivu? Mwaka 1999 munganga Denis Mukwege alifungua hospitali ya Panzi, Bukavu. Alifikiri ataisaidia kina mama kuzaa, vita ikamletea wanawake waliobakwa. Dunia ilimjua zaidi 2018 alipopewa zawadi ya Nobel ya amani. Panzi ilionyesha kwamba kushona mwili peke yake haitoshi: mama anapona jeraha, anarudi kijijini, mume amemfukuza, usiku anaona wale watu tena. Kwa hiyo waliweka pamoja munganga, msaidizi wa roho, mwanasheria na kazi ya mikono. Miaka ile ile, vyama vya kina mama na makanisa katika Kivu ya Kusini vilifungua nyumba za kusikiliza. Chumba kimoja, viti viwili, mama mmoja aliyefundishwa. Wale ndio ma-APS wetu, wasaidizi wa kisaikolojia ambao wengi wenu munawajua kwa majina.

Mwaka 2013, kazi ya wamama kama hawa ilichapishwa katika gazeti kubwa la wanganga wa Marekani. Kulikuwa wanawake 405, wote walipitia ao walishuhudia ubakaji, katika vijiji vya mashariki ya Congo. Vijiji vingine vilipata msaada wa mtu mmoja mmoja, vingine vilipata matibabu ya kikundi: mkutano mmoja wa peke yako na msaidizi, kisha mikutano 11 ya pamoja. Kazi ilifanyika kwa lugha zetu, Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru, Kihavu na Mashi. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo somo liligeuzwa likawa la kukariri na kusema kwa mdomo. Walioongoza walikuwa wamama Wacongomani ambao hawakuwa na diploma ya chuo kikuu. Miezi sita baadaye, katika vijiji vya kikundi asilimia 9 tu walibaki na huzuni kubwa ao wasiwasi mkubwa. Katika vijiji vingine ilikuwa asilimia 42.

Tunaomba musome vizuri namna ilivyofanyika, juu watu wengi wanakosea hapa. Katika vikundi vile hakuna mama aliyelazimishwa kusimulia mbele ya wengine yale aliyotendewa. Kazi ilikuwa juu ya mawazo yaliyobaki kisha tendo. "Ni kosa yangu, ningepita njia ingine." "Siwezi kuamini mtu tena." "Mimi ni uchafu." Wanalitwaa wazo, wanaliweka katikati, wanauliza: wazo hili linanipa moyo wa namna gani? Linanifanya nitende nini? Ni kweli, ao ni kitu nilichojiambia juu ya uchungu? Njia hii ilizaliwa Marekani, kwa mama Patricia Resick, katika kazi yake na wanawake waliobakwa. Ilipofika kwetu ilivaa kitenge, ikasema Kibembe, na ikafanya kazi.

Majirani zetu wa Rwanda walikuwa na njia yao. Tangu 2005, Byumba, kulianza vikundi vinavyoitwa Mvura Nkuvure, yaani "niponye nikuponye". Watu kumi ao zaidi, wajane, wafungwa waliofunguliwa, vijana, wanakaa duara kwa juma 15. Hawaanzi na vita. Wanaanza na usalama: nani akae wapi, nani ashike siri, tusitukanane. Kisha wanaenda kwa kuaminiana, kutunzana, kuheshimiana, na ni mwishoni tu wanapofika kwa kumbukumbu. Baadaye njia hii ilivuka mpaka ikafika Congo. Ukiitazama sana, iko sawa na matanga na lubunga vilivyopewa ratiba.

Sasa turudi kwa chama chetu, na hapa hatutajisifu. Miaka ya kwanza tulikosea. Tulifikiri mtu akisema yote siku moja, mbele ya wote, atapona. Tulimwomba mama mmoja asimulie katika mkutano. Alisimulia mpaka mwisho. Watu walilia, tuliomba, tukafunga, kila mmoja akaenda kwake. Hakuna aliyemsindikiza. Miezi mitatu hakuja, hakupita hata njia ya soko. Watoto wa jirani walikuwa wanarudia maneno yake mitaani. Aliporudi alituambia: "Mulichukua habari yangu, mukaniacha mimi na usiku." Ametupa ruhusa kuandika hili bila jina lake. Baadaye tulijifunza kwamba OMS yenyewe inakataza ile njia ya kumkamua mtu habari yote kwa mara moja kisha hatari. Tungejua mapema, tusingemuumiza.

Tangu pale tulijiwekea sheria nne, na kila moja ina mizizi katika historia hii. Kwanza, kikundi ni cha watu wachache, wanaojuana sheria, siri haitoki mlangoni. Pili, hakuna anayelazimishwa kusimulia. Tatu, msikilizaji hafanyi kazi peke yake: kila juma mbili anakaa na mkubwa wake wa kazi, juu mawe ya wengine yanaweza kumvunja mgongo. Nne, anayesikia sauti, anayetaka kujiua, anayeanguka kifafa, si wa kikundi chetu: anapelekwa kwa munganga. Tuko na bahati kwamba mashariki kuna nyumba za wanganga wa akili, sawa SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, ingawa njia ya kufika huko leo ni ngumu.

Ni ngumu juu vita haijaisha. Mwaka 2025 Goma ilianguka mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili. Watu walikimbia tena, wengine wakaja kulala katika nyumba zetu sisi tuliokuwa wakimbizi wa jana. Mwaka ule ule feza ya misaada ya Marekani ilikatwa, na ni feza ile iliyolipia utafiti wa wanawake 405. Miradi mingi ilifunga milango, ma-APS wakarudi kuuza ndagala. Maarifa yako ndani ya vichwa vyao bado. Lakini maarifa bila mafunzo ya kurudia na bila mtu wa kumsindikiza msikilizaji yanachakaa, sawa jembe lisilonolewa.

Kwa hiyo, mzee wetu, hili ndilo jibu la komite. Hapana, maneno hayaezeki nyumba, na hatuombi hata bati moja litolewe katika paa la mtu. Summerfield na wewe muko na haki: ardhi, nyumba na haki ni vya kwanza, na chama kitaendelea kupigania mashamba yetu yaliyochukuliwa tulipokuwa ng'ambo. Lakini tumehesabu mabati tuliyogawa, na tunajua nyumba ambazo yaliuzwa kwa pombe ndani ya mwezi mmoja na baba asiyelala. Tunajua mashamba yaliyorudishwa na sheria ambayo mwenyewe hajayalima, juu anaogopa ile njia. Huyo naye anadai kitu kwetu.

Tunachoomba ni kidogo. Kwa wanachama: pigeni kura kwamba wasikilizaji wetu sita wapewe nauli, sabuni, na siku mbili za mafunzo kila miezi mitatu. Toeni pia chumba, si lazima kiwe na bango. Bango la "nyumba ya waliobakwa" lilifukuza watu zaidi ya risasi. Afadhali kikundi kikae pale pale wamama wanaposhona ao wanapoweka akiba yao. Kwa wafadhili: musitupe mradi wa miezi sita wenye fomu nyingi. Mutupe miaka mitatu ya msimamizi mmoja mwenye ujuzi, atakayewasindikiza wale sita. Historia inaonyesha kwamba kazi ilifaulu Nakivale na katika vijiji vyetu pale ambapo jirani alifundishwa, alisimamiwa, na hakuachwa peke yake.

Kura itapigwa katika mkutano mkuu ujao. Asiyeweza kufika atume neno lake kwa mjumbe wa kijiji chake. Na yule ambaye usingizi ulimkimbia, asingoje kura: wasikilizaji wako pale pale, kila siku ya nne mchana, kisha soko.

Komite ya chama